Mpango wa Uzazi

Karatasi mbili, zimejaa maswali pande zote,
kanipa mkunga Eilidh siku ya Jumanne:
jina la herufi sita, mbili za mwisho hazitamkwi,
nami nimejifunza kuzinyamazia.
(Kwetu mkunga ni samaki pia, yule mrefu wa miambani.
Nimeona nisimwambie.)
"Jaza kwa penseli," alisema. "Watoto hawasomi."

Saa kumi alasiri, Dundee imeshaingia giza.
Nimechukua penseli ya Shekue, ya kupimia mbao,
bapa, nene, inaandika kama inakata.

Unataka kujifungulia wapi?
Neno hili nimelitumia maisha yangu yote,
leo ndiyo nasikia komeo ndani yake.
Kujifungua.
Kumbe miezi yote hii nilikuwa mlango,
na ufunguo walinipa mwenyewe, sijui niliuweka wapi.
Nikaandika: kwa wakunga. Kwenye beseni la maji. Taa hafifu.

Simu ya mama. Tanga ni saa moja usiku,
nasikia sufuria ikifunikwa.
"Unafanya nini?"
"Naandika mpango wa uzazi."
Kimya. Halafu: "Uzazi wa mpango? Sasa? Na tumbo hilo?
Mwanangu, maji si yameshamwagika?"
Nikacheka hadi mtoto akanipiga teke la mbavu.
"Si uzazi wa mpango, mama. Mpango wa uzazi."
"Ahaa. Na uchungu wenyewe
umeshaupelekea nakala?"

Sindano ya mgongo: labda.
Nikafuta. Nikaandika: hapana.
Nikafuta. Labda.
Karatasi imeanza kutoboka mahali hapo.
Asiniambie mtu sukuma, sukuma,
kana kwamba mimi ni gari lililokwama topeni.
Chumbani awepo Shekue. Asimame upande wa kichwa,
huyu aliyezirai kwa msumari wa kidole chake mwenyewe.
Mtoto akishafutwa, mpeni baba yake dakika moja,
ana maneno ya kumwambia sikio la kulia.
Si siri. Ni adhana.

Kondo la nyuma ungependa tulifanyeje?
Hapa penseli ilisimama.
Kitovu changu kiko chini ya mstafeli, nyuma ya jiko la bibi,
mti ulikatwa, shimo wanalijua.
Sisi tuko ghorofa ya tatu, ya kupanga.
Ardhi yetu yote ni kasha la nanaa dirishani,
na udongo wake wiki hii umeganda, hauingii kijiko.
Nimeacha wazi.

Kuna jambo jingine ungependa tulijue?
Wametoa mistari mitatu. Niliijaza, nikapanda ukingoni,
nikageuza karatasi kutafuta nafasi:

kwamba Kiingereza changu kitaondoka kwanza,
kabla hata ya chupa kupasuka;
kwamba nikisema basi, sitaki kupelekwa kituoni,
nasema imetosha;
kwamba nikilia mama, msihangaike kutafuta namba yake.
Au itafuteni. Iko juu hapo;
kwamba neno lenu la kuombana radhi
linamfaa mtu aliyekosa,
na chumbani humo hatakuwepo aliyekosa.
Kuna neno nalihitaji, dogo, silabi mbili,
huambiwa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyebeba mzigo,
na anayelisema si lazima awe na hatia.
Pole.

Ijumaa Eilidh alisoma yote, miwani kwenye ncha ya pua,
chai yake ikapoa.
Hakuuliza habari ya sindano.
"Poli," akajaribu.
Bado.
"Pou-li."
"Mwishoni usiubane mdomo," nikamwambia. "Ufungue."
Akaufungua kidogo, kama anayeogopa baridi kuingia.

Tumebakiza wiki tatu za mazoezi.